Mashine Iliyouliza Mwaka

Swali la kwanza ambalo mashine ilimwuliza Kalunde lilikuwa lile ambalo watu wa mji ule walikuwa wameacha kuulizana zamani: mwaka gani?

Alikuwa ameketi mbele yake katika ghala la pamba, mgongo wima kama alivyofundishwa enzi za taipureta, na kando ya kibodi aliweka kibuyu cha maziwa. Jina la kitu alikwisha kulijaza. Kimetengenezwa kwa nini, alijaza: mung'unye uliokaushwa. Mwenye kitu, alijaza: mke wa Lugendo. Ndipo akafika kwenye nafasi ya mwaka, ambayo pembeni yake palikuwa na nyota nyekundu, maana yake bila kuijaza hapiti mtu. Kijistari kikawa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kama jicho la mtu asiye na haraka. Kalunde alikitazama kibuyu. Kibuyu hakikusema kitu. Alitazama mlango wa ghala, jua lilivyomwagika sakafuni, akajiuliza hata leo yenyewe ni ya mwaka gani, akaona hajui.

Mji ule ulijengwa mlimani siku maji yalipoingia bondeni. Idara ndiyo iliyoyaleta maji. Watu walipanda mlima na vile walivyoweza kubeba, wakageuka mara moja kutazama nyuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyehesabu tena miaka. Masika yalikuja, kiangazi kilikuja, mahindi yaliota yakavunwa, lakini hakuna aliyeyafunga masika na kiangazi pamoja akayaita mwaka. Kuhesabu miaka kulikuwa ni kupima urefu wa kukaa mbali na nyumbani, na nani alitaka kuujua urefu huo? Basi wakati nao, ulipoona hautakiwi, ukafanya mambo yake. Kuna waliozeeka kati ya asubuhi na adhuhuri. Kuna ambao hawakuzeeka kabisa. Mwasiti, mke wa seremala, alipanda mlima akiwa mja mzito, na hadi siku ile Kalunde alipoketi mbele ya mashine alikuwa bado mja mzito, tumbo limetuna vilevile, mtoto anacheza vilevile. Hakuna aliyeshangaa. Mshangao nao unahitaji kalenda.

Kisha ikaja barua.

Barua za Idara hazikuwa na tarehe. Pale juu kulia, mahali pa tarehe, iliandikwa neno moja tu: Leo. Mzee Mihambo, mwenyekiti wa Chama cha Kumbukumbu za Bonde, aliisoma kwa sauti mbele ya wanachama wenzake kumi, na alipofika katikati akampa Kalunde, mwandishi wa Chama, amalizie. Uchunguzi wa Idara, barua ilisema, umebaini kwamba Bonde lilikuwa tupu kabla ya maji. Wakazi wa mlimani wataandikwa katika ramani mpya kuwa ni watu waliotokea. Mwenye ushahidi tofauti auonyeshe ukiwa umeorodheshwa kwa kompyuta, kila kitu na mwaka wake. Mkaguzi atafika kabla ya masika.

Watu waliotokea. Kalunde alilirudia neno hilo njia nzima akirudi kwake. Uyoga hutokea. Upele hutokea. Mtu huzaliwa, na aliyezaliwa ana mama, na mama ana jiko, na jiko lina mafiga matatu, na mafiga hayo yako wapi sasa? Yako chini ya maji, yametulia palepale yalipokuwa, yanasubiri sufuria. Je, kitu kikiwa mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kipo? Na kama kipo, kinamngoja nani athibitishe? Alijiuliza hivyo hadi mlangoni kwake, njaa ikimuuma.

Chama kilikuwa na vitu mia sita na kumi na viwili, vyote vimepangwa katika ghala ambalo pamba iliacha kuingia. Havikuwa vitu vya fahari. Mtu anayekimbia maji hachagui. Kulikuwa na nusu ya mlango, chemni ya taa isiyo na taa, kiti cha baiskeli, mizani ya mchuuzi iliyopoteza sahani moja, karatasi ya mtihani wa hesabu yenye alama nane juu ya ishirini, vitana, vinu, mapipa ya asali, kiatu cha mguu wa kushoto cha bwana harusi. Kila kimoja Kalunde alikipa namba. Alipaka kwanza ukanda mwembamba wa rangi ya kucha isiyo na rangi, akaungoja ukauke, akaandika namba juu yake kwa wino mweusi, akafunika kwa rangi ya kucha tena, ili siku yoyote namba iweze kufutwa bila kukidhuru kitu. Mashine waliipata katika shule iliyofungwa. Fundi aliyeifunga alimfundisha Kalunde kwa siku mbili akaondoka. Ilifanya kazi, ila betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, hivyo kila ilipowashwa iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka uleule mmoja. Katika mji ule hakuna aliyeona hilo kuwa kasoro.

Mzee Mihambo alimwambia aandike mwaka wowote. Mkaguzi atakuwa mtu wa haraka, alisema, ataona nafasi zimejazwa ataridhika. Mihambo alikuwa mwana wa mwalimu wa kwanza wa bondeni, mtu mwenye ndevu nyeupe na sauti ya mimbarini, na katika mji mzima kila mtu alimwamkia yeye kwanza. Kalunde alirudi mbele ya mashine. Akachukua mwaka ule ambao mashine yenyewe iliuamini, akauandika kwa kibuyu. Mashine ikapokea. Akauandika kwa nusu ya mlango. Ikapokea. Siku ya sita alikuwa amekwisha kuingiza vitu mia mbili na arobaini, na alifurahi kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli.

Siku ya saba alibonyeza mahali pa kupanga vitu kwa miaka yao, aone orodha itakavyokuwa mbele ya Mkaguzi. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha ikamwonyesha bonde zima likiwa limezaliwa siku moja.

Alikaa akiitazama orodha ile kwa muda mrefu. Kinu na mchi, bibi arusi na mjukuu wake, mtihani na mwalimu aliyekuwa bado hajafika, kila kitu kilisimama katika mwaka mmoja kama watu waliosukumwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hapakuwa na wa kutangulia wala wa kufuata, kwa hiyo hapakuwa na mzazi wala mtoto. Vilikuwa vimetokea. Kwa mikono yake mwenyewe, kwa vidole vyake kumi vilivyofundishwa adabu, alikuwa ameuandika upya uongo wa Idara, safari hii kwa namba mia mbili na arobaini za ushahidi. Nani aliyenituma? alijiuliza. Mimi ni mwandishi wa nani? Yeye aandikaye bila kuuliza, jina lake ni mkono tu, na mkono ni wa yeyote anayeushika.

Akafuta zote, moja baada ya nyingine, kwa kuwa mashine haikukubali kuacha nafasi ya mwaka wazi. Kufuta kulimchukua siku mbili. Mihambo alipojua alikasirika akasema mengi, kwamba masika yako mlangoni, kwamba mwanamke huyu amelizamisha bonde mara ya pili. Kalunde alimwacha aseme hadi akachoka.

Aliyemtoa katika kiza hakuwa msomi. Mwasiti aliingia ghalani mchana mmoja kupumzisha mgongo, akakaa juu ya gunia, mikono juu ya tumbo lake la siku zote, akakiona kinu. Akasema kinu hicho ni kikubwa kuliko mlango ule. Kalunde akamuuliza kikubwa namna gani, maana mlango ulikuwa mrefu zaidi. Mwasiti akacheka. Kwa umri, alisema. Mlango ule ulichongwa kwa ajili ya harusi ya mama yake, na mama yake alipoingia katika nyumba ile alikikuta kinu kipo, tena kimekwisha kulika ndani.

Kalunde alisimama. Hakuna aliyejua mwaka, lakini kila mtu alijua nini kilitangulia nini. Namba zilikuwa zimepotea, mpangilio haukupotea. Aligeukia mashine, akatafuta katika ile sehemu ambayo fundi alimkataza kugusa, akaona kwamba mtu anaweza kutengeneza nafasi zake mwenyewe, na kuziweka katika orodha ya pembeni isiyodai mwaka. Akatengeneza tatu. Ya kwanza akaiita Kabla ya. Ya pili akaiita Baada ya. Ya tatu, baada ya kufikiri, akaiita Aliyesimulia. Kisha akatoka nje akaomba watu waje.

Walikuja. Mwanzo walikuja wawili watatu, kwa haya, kama watu waliofika kwenye msiba wa mgeni. Halafu wakaja kwa makumi, na foleni ikazunguka ghala. Kila mmoja alishika kitu na kuulizwa swali moja tu: hiki na kile, kipi kilitangulia? Walijibu bila kusita. Kiti cha baiskeli kilikuja baada ya daraja kusombwa, kwa sababu kabla ya hapo baiskeli ilivuka daraja na haikuhitaji kuuzwa vipandevipande. Kiatu cha bwana harusi kilikuja kabla ya nzige, kwa sababu nzige walikula shamba la bwana harusi na mkewe akarudi kwao. Kila jibu liliingia katika mashine pamoja na jina la msemaji, na kila kitu kikatolewa rafuni kikawekwa sakafuni mahali pake. Safu ikaanza mlangoni, ikafuata ukuta, ikajikunja, ikazunguka ghala mara tatu hadi katikati, ambapo kitu cha mwisho kilikuwa ndoo iliyobebwa siku ya maji yenyewe.

Alipoandika, Kalunde hakuwa tena mtu mmoja. Alipoandika jiwe la kusagia mabega yalimuuma. Alipoandika karatasi ya mtihani aliona aibu ya alama nane. Watu walimwita kwa jina lake akachelewa kuitika, kwa sababu wakati huo alikuwa mke wa Lugendo, au mchuuzi anayetafuta sahani ya mizani yake gizani. Alitembea kandokando ya safu asubuhi na jioni, na alihisi anatembea juu ya ardhi ya bonde, kavu, yenye vumbi la moto, na kwamba maji yalikuwa juu ya kichwa chake yakimpisha. Mimi ni nani ninayepita hapa? alijisemea. Mimi ni yule anayeulizwa. Mimi ni nyota nyekundu. Bila mimi hapiti mtu, na bila wao mimi si kitu, ni alama tu pembeni ya nafasi iliyo wazi.

Lakini mnyororo ulikuwa hauna msumari. Vitu vyote vilijua jirani zao na hakuna kilichojua namba yake. Ilitakiwa namba moja tu ya kweli, mahali popote katika safu, na nyingine zote zingening'inia hapo. Kila aliyeulizwa alisema neno lilelile: kengele, kwani ilisemekana ilitoka kiwandani na mwaka wake mwilini.

Kengele ya shule ya kwanza ya bondeni haikuwa ghalani. Ilikuwa kwa Bibi Nyamizi. Baba yake ndiye aliyekuwa akiipiga, kila alfajiri, hadi alipokufa. Chama kilipoanzishwa aliileta mwenyewe kichwani, akakuta imeandikwa katika daftari kubwa kuwa ni kengele ya baba yake Mihambo, kwa sababu mwalimu ndiye aliyeiagiza. Bibi Nyamizi hakugombana. Alijitwisha kengele yake akarudi nayo nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga ghalani.

Kalunde alimkuta uani anachambua mchicha. Kengele ilikuwa imefungwa kwenye mlango wa banda la kuku, imeganda masizi na chokaa. Aliamkia, akapewa kigoda, akaeleza shida yake. Bibi aliendelea kuchambua.

"Umetumwa na Mihambo," alisema mwishowe.

"Nimejituma mwenyewe, bibi."

"Katika hiyo mashine yako, mwenye kitu ni mmoja?"

"Nafasi ya mwenye kitu ni moja. Lakini ya wasimulizi nimeitengeneza mimi, na haina mwisho."

"Na Mihambo akisema uongo?"

"Nitauandika, na jina lake pembeni. Nawe utakayosema nitayaandika, na jina lako pembeni. Yatakaa pamoja."

Bibi aliweka mchicha chini. "Nitakaa chini yake?"

"Atakayetangulia kusimulia ndiye atakayekaa juu."

Bibi Nyamizi aliinuka, akaenda kwenye banda la kuku, akaanza kuifungua kengele.

Waliisugua kwa majivu na ndimu mbele ya ghala, watu wamewazunguka. Masizi yalitoka kwanza, kisha chokaa, kisha ukaonekana mdomo wa shaba, na juu ya mdomo namba nne zilizopigwa kiwandani: 1931. Bibi Nyamizi alipitisha kidole juu ya kila namba. Baba yake alimwambia, alisimulia, kwamba kengele ilifika mpya, mwaka uleule ilipotengenezwa, na kwamba mama yake alijifungua siku ilipopigwa mara ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alikuwa yeye.

Basi wakahesabu. Walianzia kwenye kengele wakaifuata safu, Kalunde mbele, watu nyuma yake, wakitaja mavuno na njaa, nzige na daraja, hadi wakafika kwenye ndoo ya siku ya maji: miaka thelathini na saba. Kutoka kwenye ndoo hadi pale waliposimama walikwama, maana hiyo ndiyo miaka ambayo hakuna aliyetaka kuihesabu. Ndipo mtunza kisima akasema kwamba yeye hubadili kamba ya kisima kila masika, na za zamani hajawahi kuzitupa. Akazileta mabegani. Zilikuwa arobaini na nne.

Watu wakasimama mahali walipo na miaka ikawashukia. Kuna waliolia. Kuna waliokaa chini. Kalunde alikumbuka kwamba siku ya kupanda mlima alikuwa hana meno ya mbele, ulimi wake ukicheza kwenye pengo, na akajua kuwa ana miaka hamsini na mmoja. Haikuwa nzito kama alivyoogopa. Ilikuwa kama kuvaa koti na kukuta ni la kwako.

Mihambo alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Alizaliwa mwaka wa njaa ya kwanza, hilo lilijulikana, na njaa ya kwanza ilikaa katika safu hatua nne baada ya kengele. Mwanamke aliyekuwa akimwamkia kwa heshima miaka yote ile alikuwa mkubwa wake. Watu walilitambua hilo wakati mmoja naye, na wakamgeukia kuona atafanya nini. Mzee alivua kofia. Alikwenda hadi aliposimama Bibi Nyamizi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Bibi alimwacha ainame kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Marahaba, mdogo wangu," alisema. "Sasa njoo tusimulie. Mimi naanza."

Fundi saa wa mji, ambaye hakuwa na kazi tangu kupanda mlima, alikuja siku hiyo na kibetri cha mviringo, akaifungua mashine, akakipachika. Kalunde aliandika tarehe ya kweli, akaizima mashine, akaiwasha. Tarehe ilibaki. Alasiri ya siku ileile Mwasiti alishikwa na uchungu, na kabla jua halijagusa vilima alijifungua mtoto wa kike mwenye nywele tele na hasira ya kuchelewa. Wakamwita Mwaka. Kisha Kalunde akarudi kwenye kiti chake, na kwa siku kumi na tisa vidole havikupumzika. Kila kitu kilipata mwaka wake, au kati ya mwaka gani na gani, na nyota nyekundu zikapita moja baada ya nyingine kama milango inayofunguliwa na mtu wa ndani.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, na wingu la kwanza la masika nyuma yake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu na uso ambao ukiutazama ukageuka huukumbuki. Alibeba ramani iliyokunjwa na fomu ya ukurasa mmoja. Katika fomu, mbele ya maneno Idadi ya watu kabla ya maji, sifuri ilikuwa imekwisha kuchapwa. Alikuwa na heshima. Alimwambia Kalunde kwamba kazi yake ni kuhakikisha tu.

Alizunguka safu yote mara tatu. Kisha akachagua kigoda kilichokuwa katikati ya safu, akataka kuona mashine inasemaje. Kalunde akakitafuta kwa namba yake. Kilionekana, na aina ya mti wake, na mwaka wake, na chini yake masimulizi mawili: mmoja alisema kilichongwa kwa ajili ya mtemi, mwingine alisema mtemi alikinyang'anya kwa mjane.

Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii ni kasoro, mama. Kitu kimoja, hadithi mbili. Idara haiwezi kupokea."

"Bwana Mkaguzi," Kalunde alisema, "mahali palipokuwa patupu hapana hadithi mbili. Hata moja hapana. Angalia kama utaona bonde ambalo wasiokuwepo waligombea kigoda."

Watu waliojaa ghalani walisikia, na wa nje wakaambiwa na wa ndani. Mkaguzi aliitazama mashine. Labda aliona, kama Kalunde alivyoona siku ile ya saba, kwamba anayeandika bila kuuliza ni mkono tu, na labda aliogopa alichokiona. Alinyoosha kidole, taratibu, akabonyeza kitufe cha kuzimia. Kioo kikawa cheusi. Katika weusi ule uso wake ulionekana kwa uwazi zaidi kuliko ulivyoonekana asubuhi yote.

"Na sasa?" aliuliza.

Kalunde hakuinuka. Alimtazama Bibi Nyamizi. Bibi alifungua fundo katika ncha ya kanga yake, akatoa flashi, akaiweka juu ya meza. Mzee Mihambo alivua kofia akatoa nyingine. Mwasiti aliyekuwa amembeba mtoto alipekua nguo za mtoto akatoa ya tatu. Kila kitu cha bonde kilikuwa katika kila moja, Kalunde alieleza kwa upole, na kila moja inalala katika nyumba yake, mbali na nyingine, kwa sababu watu ambao maji yamewahi kuwakuta hawaweki kitu mahali pamoja.

"Ninyi huko Idarani mnayo maandishi mangapi kuhusu bonde letu?" Bibi Nyamizi akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Mkaguzi alifikiri. Alisema kuna ukurasa mmoja. Alisema yeye mwenyewe hajapata kuuona. Kisha akakaa kwenye benchi, akaiweka fomu juu ya goti, akatoa kalamu, na mbele ya watu wote akaikata sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Niandike wangapi?"

Kalunde aliiwasha mashine. Walisubiri pamoja iamke, Mkaguzi na mji mzima, na tarehe ilipojitokeza pembeni ilikuwa ya leo, leo yao wenyewe. Akahesabisha majina yote yaliyotajwa na wasimulizi, kila mwenye kitu na mama yake, kila mchongaji, kila bwana harusi. Elfu moja mia nane na sita. Mkaguzi akaandika. Aliandika kwa namba, kisha bila kuombwa akaandika tena kwa maneno, ili mtu mwingine asiweze kuongeza wala kupunguza.

Kelele zilizopanda hapo zilitikisa mabati. Wanawake walipiga vigelegele hadi mtoto Mwaka akaamka akawajibu. Wazee walishikana mikono kama watu waliofika kutoka safari moja. Mtu aliipiga kengele, akaipiga tena, na Bibi Nyamizi akamnyang'anya kamba akamwonyesha inavyopigwa. Kalunde alibaki kwenye kiti chake akilia na kucheka, na hakujaribu kuvitenganisha.

Mkaguzi alizingoja kelele zitulie. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani mbele yake, na juu yake maji yalikuwa doa kubwa la bluu lisilo na neno hata moja. Aliuliza jina la bonde, apate kuliandika.

"Igulwa," alisema Mzee Mihambo.

"Igurwa," alisema Bibi Nyamizi.

Ng'ambo ya mashariki walitamka hivi, ng'ambo ya magharibi vile, na mto uliokuwa kati yao haukuwahi kuwasuluhisha. Mihambo alisema baba yake aliandika hivyo ubaoni kila siku. Bibi alisema baba yake aliwaamsha watu kwenda kuusoma huo ubao, na hakuna aliyeamka akiwa Igulwa. Waliokuwa nyuma wakaingilia. Ghala likagawanyika mara mbili, kama bonde lilivyokuwa limegawanyika, na watu waliokuwa wakikumbatiana sasa hivi wakaanza kubishana kwa raha kubwa, wakipigana vijembe ambavyo vilikuwa vimekaa miaka arobaini na nne bila kutumika. Mkaguzi alikuwa ameshika kalamu, akigeuza kichwa huku na huku.

"Andika yote mawili," Kalunde alimwambia.

Aliinama akaandika yote mawili, kwa herufi kubwa, la kwanza na la pili. Nafasi aliyoachiwa ukingoni haikutosha. Majina yalivuka ukingo yakaingia kwenye bluu, yakaendelea, herufi baada ya herufi, hadi yalipofika ng'ambo ya pili ya maji.